NGUVU NYUMA AO MAGURUDUMU YOTE MANNE?



Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mmoja wa Kalemie mwenye kufanya biashara ya koltani upande wa Nyunzu. Jina lake tunalificha, lakini shida yake ni ya wengi. Anaandika hivi: «Nimeweka feza miaka mitatu. Nataka gari ya spoti, ya milango miwili, yenye kutoka Japani. Ziko mbili, bei karibu sawa. Moja inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ingine nguvu inafika ku magurudumu yote manne. Marafiki wanasema: chukua ya manne, huku kwetu iko matope. Baba anasema zote mbili ni bure, heri pikapu. Mimi nichague gani?»

Asante, kijana wetu. Umefanya vema kuuliza mbele ya kulipa. Wengi wananunua kwa macho, kisha wanauliza wakati gari imekwisha kulala kwenye garaji.

Gari inatembea namna gani?

Moteri inatoa nguvu, nguvu inapita ndani ya sanduku la vitesi, halafu inatafuta magurudumu. Katika gari ya kwanza unayotaka, chuma kirefu chenye kuzunguka kinapita chini mpaka nyuma, kinaingia ndani ya ponti, na ponti inagawanya nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ya mbele yanabaki na kazi moja kubwa, kugeuza gari. Ndiyo sababu wenye kupenda kuendesha wanaisifu gari ya namna hii: usukani unasikia vizuri njia. Ukikanyaga esansi, uzito unarudi nyuma na kukandamiza magurudumu yenye kusukuma. Lakini ukikanyaga kwa nguvu ndani ya kona, na njia iko na maji, mkia wa gari unatoka nje na kutaka kukupita.

Ponti ina tabia moja ambayo kila shofa lazima aijue. Katika kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, basi ponti inaacha kila moja lizunguke kwa mwendo wake. Ni akili nzuri kwa njia kavu. Ndani ya matope inageuka kuwa adui, maana gurudumu lenye kuteleza linazunguka bure, na lenye kushika udongo linasimama tu. Umekwisha kuona pikapu isiyo na mzigo imekwama, gurudumu moja linarusha matope na lingine limenyamaza? Ni hilo.

Gari ya magurudumu manne inakuwa na ponti ya mbele pia. Nguvu ile ile inagawanywa kwa manne, kila gurudumu linaombwa kidogo, kwa hiyo haliteleze upesi. Hiyo faida ni ya kweli, hatuikatai.

Lakini sikieni vizuri, vijana: magurudumu manne yanasaidia kuondoka, hayasaidii kusimama. Gari ya bei ndogo iko na freni kwa magurudumu manne, na ya bei kubwa vilevile. Shofa wa 4×4 anapanda kilima chenye utelezi bila shida, anajiona mfalme, anashuka upande wa pili kwa mwendo ule ule. Hapo ndipo watu wanakufa.

Waliojaribu mbele yetu

Swali hili lilipimwa zamani katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zile ni ndugu wa njia zetu: vumbi, mawe, na mvua ya wakati wa Pasaka. Mwaka 1971 na 1973 gari ya kwanza kufika ilikuwa Datsun 240Z, gari ya spoti ya milango miwili kama unayotaka, nguvu nyuma. Shofa wa 1973 alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye alishinda tena mara nne mfululizo, kutoka 1979 mpaka 1982, na Datsun nyingine yenye nguvu nyuma.

Kumbe mwaka 1980 Wajerumani wa Audi walikuwa wametoa Quattro, gari ya spoti ya magurudumu manne, na mwaka 1982 ikawapa taji la dunia. Watu wakafikiri nguvu nyuma imekwisha. Lakini katika Safari ya 1983 ilishinda Opel Ascona 400, na 1984, 1985 na 1986 ilishinda Toyota Celica, zote nguvu nyuma! Ni mwaka 1987 tu ambapo Audi ya magurudumu manne ilishinda, shofa akiwa Hannu Mikkola. Toka pale magurudumu manne yakatawala.

Tunajifunza nini? Kwamba magurudumu manne yanashinda mwishoni, ndiyo, lakini kwa wale wenye mekanisie kila kituo na gari ya pili yenye kubeba pyesi. Katika njia ndefu na mbaya, gari yenye vyuma vichache vya kuvunjika ilifika mbele kwa miaka mingi. Na wewe, kijana, nani atakuletea pyesi katikati ya Nyunzu na Kalemie?

Turudi Kalemie

Kwetu mvua inaanza karibu na mwezi wa kumi na kuendelea mpaka wa nne ao wa tano. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hata yakaingia ndani ya mitaa. Ukitoka mjini kwenda Nyunzu, Bendera ao Moba, shida ya kwanza si gurudumu lipi linasukuma. Shida ni mashimo, mawe, na mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya malori. Malori yanaacha mgongo wa udongo katikati ya njia. Gari ya spoti imetengenezwa kuwa chini, karibu na gudroni, ili isianguke katika kona. Hata ikiwa na magurudumu manne yenye nguvu, tumbo lake litakaa juu ya ule mgongo na magurudumu yatabaki kuzunguka hewani. Ina miguu minne kama mbuzi, lakini inaburuta tumbo kama nyoka.

Tena, gari ya magurudumu manne inataka mipira yote minne iwe ya kipimo kimoja na iliyotumika sawasawa. Ukiweka mbili mpya mbele na mbili za zamani nyuma, magurudumu yanazunguka mbalimbali kila wakati, na ponti ya katikati inaungua polepole. Sisi tunajua namna mipira inavyonunuliwa kwetu: mmoja leo, mwingine ukipata feza. Ongeza na esansi, maana vyuma vile ni uzito wa kubeba kila siku.

Basi jibu letu ni hili. Kati ya gari zako mbili, kwa mtu wa Kalemie, ya nguvu nyuma ni bora: vyuma ni vichache, mafundi wetu wanaijua ponti ya nyuma tangu zamani, na ndani ya mji itakutosha ukiendesha kwa heshima wakati wa mvua. Ile ya manne itakulipisha gharama ya jipu bila kukupa urefu wa jipu. Lakini mbele ya kuchagua kati ya hizo mbili, jiulize maswali haya, uandike majibu kwa karatasi:

1. Katika siku thelathini, siku ngapi niko mjini, na siku ngapi niko kwenye njia ya Nyunzu?

2. Ninabeba nini? Magunia, wazazi, watoto, ao mimi na rafiki mmoja tu?

3. Ponti ikivunjika, pyesi itatoka wapi, na nitakaa siku ngapi bila kazi?

4. Baada ya kulipa gari, kuivusha ziwa kutoka Kigoma, na kulipa duane, nitabaki na feza ya mipira minne na esansi ya miezi sita?

Kama jibu la kwanza ni «niko njiani», baba ana haki, chukua pikapu. Ya nguvu nyuma ukibeba mzigo kila mara, kwa sababu mzigo unakandamiza magurudumu. Ya 4×4 ukipita kwenye matope mwaka mzima. Ila pikapu nyingi za 4×4 hazina ponti ya katikati: fungua 4×4 kwa matope na mchanga tu. Kwa gudroni kavu uirudishe, maana vyuma vitashindana vyenyewe na kuvunjika.

Neno kwa kijana na kwa wazazi

Feza ya mgodi inakuja mbio na kwenda mbio. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda kama moto, na 2001 ikaanguka. Wengi waliobaki na kitu ni wale walionunua chombo cha kazi. Yezu mwenyewe alisema juu ya mtu mwenye kujenga mnara, aanze kwa kukaa chini na kuhesabu (Luka 14). Hakumkataza kujenga. Alimwambia ahesabu.

Na ninyi wazazi, msimcheke kijana mwenye kupenda gari nzuri. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si zambi. Kijana huyu hakuiba, hakukopa, aliweka feza miaka mitatu. Baba, kaa naye meza moja na ile karatasi ya maswali manne, mhesabu pamoja. Akiona hesabu kwa macho yake, atachagua mwenyewe, na hatasema kesho kwamba mlimnyima furaha.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kununua mipira ya zamani: namna ya kusoma mwaka wake na kutambua iliyopasuka kwa ndani. Wenye maswali waandike, waache barua kwa katekista wa mtaa wao.

Mungu awalinde njiani.