Kabla ya dripu ya saratani, cheki kwanza homa ya ini B

Songea. Mgonjwa wa saratani anayetoka Songea kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anasafiri zaidi ya kilomita 900. Nauli, pa kulala na ndugu wa kumsindikiza, vyote hupangwa mapema. Kinachosahaulika kirahisi ni kipimo cha homa ya ini B.

Kwa nini ni muhimu?

Dawa za tibakemia hulenga seli zinazogawanyika haraka. Ndiyo maana zinaua saratani, lakini pia zinaangusha nywele na kushusha chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili.

Kirusi cha homa ya ini B chenyewe hujificha ndani ya seli za ini, ambazo hugawanyika taratibu. Dripu hazikiondoi. Askari wakipungua, kinaamka na kuzaliana kwa kasi. Prednisoloni, dawa inayotolewa pamoja na dripu kwa baadhi ya saratani za damu na tezi, huweza kukichochea zaidi.

Balaa huja baadaye. Dripu zikiisha, kinga inarudi, inakuta seli za ini zimejaa virusi na kuanza kuzishambulia. Macho yanageuka njano, matibabu yanasimama, na wapo wanaofariki kwa ini kufeli wakati saratani yenyewe ilikuwa inatibika.

Nani yuko hatarini?

Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo hii mwaka 2002. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na ndio kundi kubwa la wagonjwa wa saratani leo. Mtu anaweza kukaa na kirusi miaka mingi bila dalili yoyote.

Kinga ipo

Kipimo ni cha damu tu, kile kile wanachopimwa wachangia damu. Akikutwa nacho, daktari humuanzishia dawa kama tenofoviri kabla ya dripu ya kwanza, na huendelea nayo angalau miezi 6 hadi 12 baada ya dripu ya mwisho. Tenofoviri imo pia kwenye ARV nyingi, hivyo anayeishi na VVU asiziache eti kwa sababu ameanza dripu.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi, swali kwa daktari ni moja: "Homa ya ini B nimepimwa?" Majibu yakiwa tayari kwenye faili, safari inaanza vizuri.