Ikwalaiza si udanganyifu

Kuna imani moja miongoni mwa wapenzi wa sauti safi ambayo sikubaliani nayo hata kidogo: eti ukishanunua hedifoni za bei ghali, kugusa ikwalaiza ni kuzitukana. Kama zinahitaji kurekebishwa basi ulichagua vibaya, ziuze ununue nyingine. Wadau, huo ni ushauri wa kumtajirisha mwenye duka.

Bei haikuhakikishii sauti iliyo sawa. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa vipimo vya hedifoni na iafoni 283, na hakupata uhusiano wowote kati ya bei na namna zinavyogawa nguvu ya sauti kutoka besi hadi zile nyembamba. Soma tena sentensi hiyo kabla hujatoa elfu hamsini.

Chukua Sennheiser HD 600, hedifoni inayoheshimika tangu 1997. Sauti ya mwimbaji inatoka safi kabisa, nadhani hata leo wapinzani wake ni wachache. Lakini muundo wake ni wa wazi, na chini ya hezi 100 hivi besi inaanza kufifia. Uzi mnene wa gita la besi hupiga hezi 41. Weka benga uone: gita la mbele linacheka, besi imekaa nje mlangoni. Ongeza desibeli 5 pale chini na wimbo unasimama kwa miguu miwili.

Watu wa Harman, akina Sean Olive, walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2012 hivi waliwasikilizisha watu wengi muziki na kuwauliza wanapenda nini, wakachora mstari wa sauti unaopendwa na wengi. Kisha Jaakko Pasanen akaandika AutoEq, programu huria inayokokotoa marekebisho ya kusogeza hedifoni yako karibu na mstari kama huo, na imeshafanya hivyo kwa maelfu ya modeli. Unaingiza namba zake kwenye Equalizer APO ya Windows au Wavelet ya Android. Gharama ni bando kidogo tu.

Wengine husema eti hesabu hizi zinaharibu muziki. Kama mtu wa kodi, naomba tuhesabu. Kichujio kimoja cha kawaida kinahitaji kuzidisha mara 5 kwa kila sampuli. Vichujio 10, masikio 2, sampuli 44,100 kwa sekunde: ni kama milioni 4.4. Simu yako haitatoka jasho. Kinachoharibu ni kitu kingine: kuongeza bila kuacha nafasi. Katika faili ya biti 16, namba kubwa kabisa ni 32,767. Desibeli 6 ni karibu mara mbili, kwa hiyo sampuli ya 20,000 inataka kuwa 40,000, na haina pa kwenda. Inakatwa kichwa, nawe unasikia mkwaruzo. Dawa yake: ukiongeza 6 mahali, shusha sauti ya jumla kwa 6. Basi.

Tena huo usafi wa asili unaotetewa haupo. Wimbo umeshapita kwenye ikwalaiza za studio kabla haujakufikia. Na hapa kwetu Lugulu, Jumapili kanisani, nani humwita fundi wa mitambo mdanganyifu anapopunguza besi ili mahubiri yasikike mpaka nyuma? Tungemlaumu asipofanya hivyo.

Mipaka ipo. Ukipandisha kilichoshuka kupita uwezo wa spika ile ndogo, utapata kelele badala ya besi. Juu ya hezi 8,000 hivi vipimo hutegemea sana umbo la sikio, kwa hiyo huko napita kwa mkono mwepesi, au nakuacha kabisa. Na rekodi za zamani za litungu zilizochakaa hazitageuka mpya. Hapo tatizo si la hedifoni.

Unapolinganisha kabla na baada, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza, maana sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho bora. Kwa iafoni, kagua mpira. Usipoziba sikio vizuri besi yote inatoroka, na desibeli 10 za programu hazitafanya kazi ya kipande cha mpira kinachokutosha.