Muhuri wa "Imepokelewa" Hauzimi Moto: Barua ya Wazi kutoka Maweni ya Kusini Unguja

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana,



Mwandishi wa barua hii ni mfuga nyuki wa kusini ya Unguja, mama wa watoto wanne na katibu wa kikundi kilichokuwa na wanawake 11. Anakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu alizoleta mkononi zimelala afisini kwako. Nakala zake anazo nyumbani, ndani ya bahasha ya kaki, na kila moja ina muhuri wa buluu: IMEPOKELEWA.

Barua ya kwanza ilifika mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiendelea. Iliomba jambo moja tu: ruhusa ya kufyeka barabara ya kuzuia moto, upana wa mita sita, baina ya mashamba ya maweni na msitu wa kijiji ilipowekwa mizinga. Kikundi hakikuomba fedha. Mapanga wanayo na mikono wanayo. Walichokosa ni kibali, kwa sababu mti wa msituni haukatwi bila ya ruhusa, na wanawake hawa, waliokwenda kwenye semina nyingi za uhifadhi, hawakutaka kuivunja sheria waliyofundishwa. Basi wakasubiri. Novemba ikapita, Disemba ikapita, kaskazi ikashika kasi, majani yakakauka mpaka yakawa yanalia chini ya mguu. Katikati ya Februari moto ukaja.

Mizinga 18 iliungua mchana mmoja. Huu ni mwaka wa tatu sasa. Nyuki hawajarudi.

Mheshimiwa, wewe ni mtu wa kisiwa hiki na unaujua moto wa maweni. Mkulima hufyeka kichaka, akakiacha kikauke, akakichoma kabla ya masika ili apande mtama na mahindi kwenye vifuko vya udongo vilivyomo baina ya mawe. Ndivyo walivyolima wazee, na mwandishi hamlaumu mkulima yule. Upepo ukigeuka, moto humtoka mikononi. Ukishaingia kwenye maweni hushuka na mizizi mpaka ndani ya mashimo ya jiwe, ukalala humo usiku kucha, na asubuhi watu wakidhani umekufa, huibuka pengine.

Siku ile simu ilipigwa mara tisa. Gari ya kuzimia moto ilifika jioni na vijana wake walijitahidi, lakini gari haiingii kwenye maweni na mpira wake ulikomea mbali na msitu. Wanakijiji walipigana na moto kwa matawi mabichi na ndoo za maji ya kisima. Barabara ya mita sita ingekuwapo, wangepata pahala pa kusimama. Hawakupata.

Alipokwenda kutazama siku ya pili, mwandishi aliukuta mzinga wake wa kwanza kabisa, ule alioununua kwa pesa za mwani. Bati la juu lilikuwa limejikunja kama jani la mgomba. Nta ilikuwa imetiririka kwenye nguzo na kugandia juu ya jiwe, nyeusi, na ndani ya nta ile mlikuwa na nyuki. Nyuki akisikia moshi hakimbilii mbali. Huingia ndani kushiba asali na kumzunguka malkia wake. Walikufa wamejikusanya.

Mabua ya mtama yalichipua tena masika ile ile. Uzio wa jirani ulijengwa upya kwa wiki moja. Banda la mbuzi limeezekwa. Nyuki hawajarudi, na kwa kuwa hawajarudi, mashamba ya matikiti na maboga ya jirani yanatoa maua mengi na matunda machache. Mkulima aliyekuwa akilalamika kuumwa na nyuki wa kikundi sasa ndiye anayeuliza lini watakuja.

Kuna jambo ambalo afisi yako inapaswa kulipima kwa uzito wake. Mizinga ile yenyewe ilikuwa kinga ya moto. Mrina asali wa zamani hupanda mti usiku na kienge mkononi. Cheche moja ikianguka kwenye majani makavu, msitu umekwenda. Mfuga nyuki wa mizinga hutumia kopo la moshi lenye kifuniko, na hana sababu ya kuangusha mti. Tena kwa kuwa mali yake imo msituni, yeye ndiye mlinzi wa kwanza kuuona moshi. Wanawake 11 walikuwa macho 22 ya bure upande ule wa msitu. Leo wanane wamerudi kwenye mwani na watatu wamebaki. Nyuki hawajarudi, na walinzi wameondoka nao.

Upande ule hauko mbali na Jozani, Mheshimiwa. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, na mwaka 2016 UNESCO ikaliingiza eneo hilo katika orodha ya hifadhi za viumbe hai za dunia. Kima punju, ambaye asili yake ni Unguja, yumo humo na kwenye vichaka vya vijiji vinavyoizunguka. Moto hausomi kibao cha mpaka wa hifadhi. Ukiachiwa kichaka cha kijiji, umeachiwa njia ya kufika kwenye msitu ambao wageni hulipa kuuona.

Kila Julai watu wa Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi unaofuata hesabu ya Nairuzi. Wageni hukimbilia kupiga picha za wanaume wanaochapana kwa vigogo vya migomba. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, watu wakaingia ndani, kikatiwa moto, na waliomo wakatoka mbio wenziwao wakiwapokea. Wazee huwaeleza watoto maana yake: nyumba ya mmoja ikiwaka, hakuna wa kutazama. Kisiwa hiki kilikuwa na mazoezi ya maafa kabla ya kuwa na afisi ya maafa.

Kikundi kimeshika jadi hiyo kwa namna yake. Kila Februari, siku ya moto ule, kijiji hukutana penye mizinga iliyoungua. Husomwa dua, hunywewa kahawa na kashata, kisha kazi huanza. Watoto wa skuli hutupa vumbi hewani kujua upepo unaelekea wapi. Huhesabiwa wazee wasioweza kutembea na kila mmoja hutajiwa kijana wa kumbeba. Sheha huonesha njia mbili za kutokea, moja ya barabarani, moja ya pwani. Umealikwa mara mbili, na hizo ndizo barua ya pili na ya tatu. Kiti chako kiliwekwa. Hukuja, na hukutuma mtu.

Walioona makubwa zaidi wametufundisha kwa gharama yao. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka Whona, kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilieleza kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Uliteketeza takriban kilomita za mraba 95, na mamia ya watu wa kujitolea walipanda mlima kuuzima. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena. Mwaka 2009 mji wa Faza, kisiwani Pate huko Kenya, ulipoteza mamia ya nyumba kwa moto uliokuwa ukiruka kutoka paa hadi paa. Na tarehe 8 Agosti 2023, katika kisiwa cha Maui huko Marekani, moto wa nyasi kavu na upepo uliuangamiza mji wa Lahaina. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ving'ora vya tahadhari vilikuwapo, havikupigwa.

Maui ni kisiwa cha watalii, upepo na majani makavu. Unguja ni hivyo hivyo.

Mwandishi alitaka kuishia kwenye nyuki, lakini hasira haimruhusu. Paa za makuti zimepangana ufukweni kuanzia Nungwi hadi Paje. Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu mwaka 2000, umejaa dari za boriti na vichochoro visivyopitisha gari. Jumba la Beit al-Ajaib lilianguka pembe ya baraza mwaka 2012, na tarehe 25 Disemba 2020, likiwa kwenye matengenezo, sehemu kubwa ikaporomoka na kuua watu wawili. Nchi hii huandika taarifa nzuri baada ya maafa. Wananchi wanataka kujibiwa kabla.

Kwa hiyo kikundi kinaomba mambo manne. Kibali cha barabara ya mita sita kitolewe kabla ya Disemba. Nambari moja ya simu ipokewe usiku na mchana, kuanzia Disemba hadi masika. Bomba kumi za mgongoni, za aina ile ile wanayotumia wakulima kupigia dawa, pamoja na tangi la maji, ziwekwe kwa sheha. Na kila moto wa maweni uandikwe kwenye daftari ambalo mwananchi anaweza kulifungua: ulianza wapi, saa ngapi, nani aliarifiwa, na alifanya nini.

Mvua za vuli ziko njiani. Jumatatu ya kwanza ya Novemba, saa mbili asubuhi, mwandishi na wanakikundi watakuwa mlangoni kwako na barua ya nne. Safari hii hawataondoka na muhuri peke yake. Watakaa barazani mpaka waandikiwe tarehe ya kuanza kufyeka. Wamekwishanunua mizinga mitatu mipya. Imefunikwa kwa gunia uani kwa mwandishi, mitupu, inangoja pahala salama pa kuwekwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfuga nyuki, kusini ya Unguja