Kuchoma Panga la Upepo Si Kulichakata Upya

Desemba 2020, kampuni ya GE ilitia saini mkataba na kampuni ya Veolia: mapanga chakavu ya mitambo ya upepo ya Marekani yasagwe huko Missouri, kisha yapelekwe kwenye tanuri za saruji. Mwaka huohuo picha za mapanga yakizikwa katika dampo la Casper, Wyoming, zilikuwa zimezua aibu kubwa. Mpango huo wa tanuri ulitangazwa kuwa uchakataji upya. Kwa hakika ni uteketezaji uliopewa jina zuri, nao umewapa wabunifu kisingizio cha kuendelea na kazi ileile.

Panga hutengenezwa kwa matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoloweshwa resini ya epoksi, katikati yakiwekwa povu gumu au mbao nyepesi za balsa. Epoksi ikishachanganywa na kigumishi, molekuli zake hufungana kwa kudumu. Chuma huyeyushwa kikawa chuma tena. Epoksi ikipashwa moto sana huungua tu. Hata ukarabati hukwamia hapo. Mvua na mchanga vikishakula ukingo wa mbele, fundi huning'inia kwenye kamba, husaga sehemu iliyoharibika kwa mteremko, hubandika vitambaa vipya na kuvipaka resini. Kiraka hicho hunata juu ya resini kongwe bila kuungana nayo kikemikali.

Watetezi wa tanuri husema kioo hushika nafasi ya mchanga katika saruji, resini ikashika nafasi ya makaa ya mawe, na kwamba hilo ni afadhali kuliko dampo. Ni kweli.

Lakini thamani ya panga haimo katika mchanga. Imo katika urefu wa nyuzi zake, zinazobeba mzigo kutoka shinani kuelekea nchani kwa miaka 20 hadi 25. Kinu huzikatakata na tanuri huziyeyusha, na nguvu zote zilizotumika kuzivuta kutoka kioo cha moto hupotea ili kuokoa mchanga, malighafi rahisi kuliko zote. Ni sawa na kupasua mlango wa mninga uwe kuni, kisha kujisifu kwamba chai imeiva. Uamuzi unaookoa nyuzi hufanywa siku resini inapochaguliwa. Baada ya hapo kilichobaki ni kugombania makombo.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba kemia bado haijafika. Mwaka 2011, Ludwik Leibler na wenzake wa Paris walionyesha vitrima, plastiki ambayo vifungo vyake hubadilishana ikipashwa joto, hivyo ikarekebishika na kuundwa upya. Mwaka 2021 kampuni ya Siemens Gamesa ilizindua mapanga ambayo resini yake huyeyuka katika asidi hafifu yenye joto, nyuzi zikatoka; mwaka uliofuata yalifungwa katika shamba la upepo la Kaskasi, baharini Ujerumani. Mwaka 2022 pia, mradi wa ZEBRA ulikamilisha panga la mita 62 lenye resini ya Elium, inayolainika kwa joto. Anayesema bei ni kubwa ataje kwanza nani atalipia mazishi ya mapanga ya bei nafuu.

Shamba la upepo la Ziwa Turkana, Kenya, lina mitambo 365 yenye mapanga 1,095, yote yakiwa yamefungwa kabla ya resini hizo kuingia sokoni. Kwa hayo, tanuri huenda ikabaki njia pekee. Kwa mitambo mipya, zabuni isiyodai resini inayotenguka inanunua taka za miaka 25 ijayo.