Kiboko shuleni: Tunamwogopa nani?

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Je, aifuataye kwa hofu ni huru?

Kiboko kilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakariri katazo hilo. Mbona basi kingali kinavuma? Nilipoanza kufundisha, nilikishika si kwa kukiamini, bali kwa kuchelea kuitwa dhaifu na wenzangu. Miaka baadaye, nao walikiri kwamba walikuwa wakinihofu mimi! Kumbe desturi nyingine hudumu kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake ndiye aitakaye.

Walimu wenzangu, na mmoja wetu atamke waziwazi kuwa hachapi. Huenda wengi wanamsubiri.