Elimu Yataka Nafasi

Wenzangu, nanyi mliotutangulia shuleni, wengi husema kwamba msichana akifunguliwa mlango wa shule, basi yamekwisha. Mimi sikubali. Tazameni Waukraina. Mwaka 1884 Bibi Nataliya Kobrynska alianzisha chama cha wanawake huko Stanislaviv, mji uliokuwa chini ya Austria. Aliamini kwamba vitabu vitawaamsha wanawake. Mwaka 1887 yeye na Olena Pchilka walitoa kitabu cha maandishi ya wanawake peke yao. Lakini aliona pia kwamba mwenye kulea na kupika mchana kutwa hana saa ya kusoma, akataka vijiji viwe na nyumba za kutunzia watoto. Basi ndugu, usimsifie dada yako kitabu huku umemwachia kuni, maji na jiko.