Kanda za video za zamani: Uamuzi usio na marudio

Julai 2016, kampuni ya Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS aliyejulikana, ilisitisha kazi hiyo. Tangu hapo deki zilizo nzima zimezidi kuadimika, na wamiliki wengi wa kanda wanaozihamishia kwenye kompyuta huenda wasipate fursa nyingine ya kufanya hivyo.

Hata hivyo, wengi wao huangalia bei na udogo wa faili tu. Saa moja ya video iliyobanwa kwa mfumo wa H.264, kwa kiwango cha megabiti 5 kwa sekunde, huchukua zaidi kidogo ya gigabaiti 2. Ubanaji huo hutupa sehemu ya picha, na kilichotupwa hakirudi. Mfumo wa FFV1, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 2021 kwa jina la RFC 9043, hubana bila kupoteza chochote, ingawa saa moja huweza kuzidi gigabaiti 20.

Tatizo la pili ni mwendo. Kanda za PAL, mfumo uliotumika Kenya na Tanzania, hubeba nusu-picha 50 kila sekunde. Zikiunganishwa kuwa picha 25 tu, mwendo wa wacheza ngoma harusini hupoteza ulaini wake.

Busara, basi, ni kuhifadhi kwanza nakala mama isiyopunguzwa kitu, kisha kutoa humo nakala ndogo ya kutazama. Diski ikijaa hununuliwa nyingine. Kanda iliyoota ukungu hainunuliki.